Kwa Tanga Hadi Ukara: Mitumbwi Saba Kutoka Mwanza

Alhamisi jioni, mwaloni Kirumba

Tangazo lilikuwa fupi: mitumbwi saba, hakuna mashindano wala zawadi, tunakwenda kisiwa cha Ukara kwa tanga na kurudi. Mwenye nia aje na mchango, jaketi okozi na shuka zito. Mimi ni mtoto wa Igogo. Ziwa Victoria nimelikuta mlangoni, lakini Nansio, kisiwani Ukerewe, nimekuwa nikienda kwa meli, soda mkononi, kama abiria mwingine yeyote. Kupanda mtumbwi wa tanga kwa hiari, tena kwa kulipia, ni jambo ambalo mama yangu hajalielewa mpaka naondoka. "Wenzio wanatafuta hela watoke kwenye mtumbwi," alisema, "wewe unatoa hela uingie."

Kwa nini wiki hii? Mwezi. Dagaa huvuliwa gizani: taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unapita chini yao. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, na wavuvi wengi huanika nyavu wakapumzika. Hapo ndipo mitumbwi na watu wake hupatikana kwa bei ya kuelewana. Mratibu wetu, mwalimu wa sekondari, aliipanga safari ianze mwezi ukiwa mkubwa makusudi. Ni Julai pia, kiangazi, radi za usiku zimepungua. Kinachobaki ni upepo wa kusini-mashariki, na huo hauombwi ruhusa.

Mtumbwi niliopangiwa unaitwa Usinicheke. Jina limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu, herufi zikipungua ukubwa kadiri mwandishi alivyoona nafasi inamwishia. Nahodha ni mzee wa Kikara ambaye kila mtu anamwita Babu, hata wa rika lake. Ndani tuko Babu, mjukuu wake, dada mmoja wa benki, mimi, na fundi wa majokofu wa kiwanda cha samaki ambaye kwao ni Pangani. Huyo alipewa jina la Mpangani kabla hajatua begi.

Mpangani aliuzunguka mtumbwi kimya, akipitisha kidole kwenye maungio ya mbao. Kwao maungio hutiwa kalafati, pamba iliyoshindiliwa kwa patasi, basi. Huku pamba ipo, lakini juu yake zimepigiliwa bati nyembamba, msumari ukikaribiana na msumari, kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Aligonga bati moja kwa ukucha.

"Shikamoo Babu. Hizi bati zikibanduka?"

"Marahaba. Zikibanduka utakunywa maji. Ya hapa ni matamu, si kama ya kwenu."

Kikao kilifanyika chini ya taa ya duka la nyavu. Kanuni hazikuwa nyingi. Mtumbwi mzito unatangulia, wepesi wanafuata. Kila mtumbwi una mwenzake wa kumwangalia, na mwenzake hapotei machoni. Redio za mkononi zinawashwa kila saa kamili, nahodha anasema yuko wapi na ana watu wangapi. Jioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unasomwa kwa sauti mbele ya wote, hata kama kila mtu ameshauona kwenye simu. Mashine ipo kwenye mitumbwi mitatu tu, na ni ya dharura. Hapo kijana mmoja wa mtumbwi wa tano akauliza kama kuchoka ni dharura. Watu walicheka. Ningejua mbele ya safari nisingecheka.

Ijumaa, Kirumba hadi Kayenze

Tuliondoka saa 11 alfajiri, mwezi ukielekea kuzama upande wa Sengerema. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na hewa yake nzito huteremka kwenda ziwani. Kwa hiyo alfajiri Mwanza hukusukuma kwenda kaskazini hata usipotaka. Mpangani aliuvuta upepo puani akasema, "Umande huu," kama kwao wanavyouita upepo wa nchi kavu. Babu akamjibu kwamba vyovyote atakavyouita, ukifika saa 4 utakuwa umekufa.

Jiwe la Bismarck lilibaki nyuma yetu gizani, taa za Capri Point zikafuata. Tulipofika usawa wa Bwiru Babu alivua kofia, na manahodha wa mitumbwi ya jirani nao wakavua. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa maji. Wengi wamelala kwenye makaburi ya Igoma. Mjukuu wa Babu hakuwa amezaliwa, lakini mkono wake ulifika kwenye kofia kabla ya wa babu yake.

Saa 4 upepo ulikufa kama tulivyoambiwa. Tanga lilining'inia, ndege iliyokuwa ikitua uwanja wa Mwanza ikapita juu yetu, na sisi tumekaa palepale. Tulipiga makasia. Karibu na adhuhuri maji yakaanza kukunjamana upande wa kaskazini: nchi imepata joto, sasa ziwa ndilo linalotuma hewa. Upepo ukawa wa omo, tukaingia Kayenze kwa kwenda mshazari, na mtumbwi wa tano ukaingia kwa mashine. Kwenye redio nahodha wao alisema walikuwa wanaijaribu tu kama inawaka.

Kayenze ni mwalo wenye kazi zake. Dagaa wameanikwa kila penye nafasi, wengine kwenye chanja za wavu, wengine juu ya mchanga, na mama mmoja aliyekuwa akiwageuza alituambia bila kuulizwa kwamba wa chanja wana bei nzuri kwa sababu mnunuzi hatafuni changarawe. Alikuwa anawageuza kwa fagio la chelewa, mkono mmoja, mtoto mgongoni.

Jioni mratibu alitupeleka majini na majaketi yetu. Alichagua penye mawe, mbali na matete, maana konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani. Kila mtu alivaa lake akaelea kwa muda wa kuhesabu hadi mia tatu. Mawili hayakufika. Yalikuwa mapya, yameng'aa, yamenunuliwa dukani mjini kwa bei ya kawaida. Tulipolichana moja kwa kisu, ndani mlikuwa na sponji ya godoro, imelowa chapachapa. Ukilikamua lilitoa maji nusu ndoo. Mwenye nalo, kijana wa chuo, alilishika akalitazama muda mrefu. Mratibu alikuwa na ya akiba. Nimeona watu wakibishana kuhusu safari za majini, wakitaja mawimbi, mamba na viboko. Hilo jaketi lilinitisha kuliko vyote.

Jumamosi, kuvuka Ghuba ya Speke

Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza Agosti 1858, akalitazama ziwa, akaamua kwamba hapa ndipo Nile inapoanzia. Hakulizunguka. Ghuba hii ikabaki na jina lake, na sisi tumekuja kuilipia.

Hapa ndipo upepo wa kusini-mashariki ulipotukuta, ukitokea pembeni upande wa kulia, umetulia na una nguvu. Mpangani alifurahi kama aliyekutana na ndugu. "Kusi hili," alisema. "Hilihili la kwetu, limepanda mlima tu." Nadhani ana haki: ni msimu uleule, upande uleule, ila hapa tuko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na baridi yake inaingia mpaka kwenye meno.

Alichokosea ni mawimbi. Ya baharini, alitueleza akiwa bado anaongea, ni marefu, unapanda na kushuka kwa nafasi. Ya huku ni mafupi na yamesimama, kwa sababu upepo haupati masafa ya kuyanyoosha. Hujamaliza kushuka la kwanza, la pili limeshakupiga. Baada ya saa moja Mpangani alinyamaza. Baada ya saa mbili alikuwa ameinama ubavuni, Babu akimshika mkanda kwa nyuma bila kumtazama, akiendelea na usukani kwa mkono wa pili.

Mimi nilipewa demani. Ni kamba ya kulishika tanga kwa nyuma, na ukiambiwa hivyo unadhani ni kazi ya kushika kamba. Babu aliniwekea viganja viwili juu yake, akanizuia nisiifunge kwenye kigingi. "Ikifungwa, upepo ukija kwa ghafla mtumbwi hauna pa kupumulia. Unalala." Kwa hiyo unaishika ukisikiliza. Tanga likianza kupigapiga ukingoni, unavuta kidogo. Mtumbwi ukiinama mpaka maji yanalamba ukingo wa chini, unaachia kidogo, kiasi cha upana wa kiganja, si zaidi. Kamba ilikuwa ya nailoni ya buluu, imechakaa ikatoa manyoya, na mara mbili iliteleza ikaniacha na mstari mwekundu kutoka kidole cha shahada hadi chini ya kidole gumba. Mjukuu alikuwa akifua maji kwa kopo la rangi lililokatwa, mfululizo, kama mtu anayepiga ngoma asiyotaka ikatike. Hakuna aliyeongea. Kila saa kamili redio ilitema majina: mtumbwi wa kwanza, watu watano, salama, wa pili, watu sita, salama. Ukiwa ndani ya mawimbi humwoni mwenzako, tanga lake tu linachomoza na kuzama. Hiyo sauti ndiyo inayokuambia bado mko saba.

Vilima vya Ukerewe vilionekana kwanza kama mawe yaliyomwagwa juu ya maji, kisha vikaungana. Tulitia nanga Nansio mchana. Ugali wa muhogo, sato wa kuchemsha, pilipili. Mpangani alikula sahani mbili na kudai kwamba hakuwa ameumwa, alikuwa anaangalia kina.

Jumapili, Nansio

Siku ya kupumzika. Wengine walikwenda kanisani, wengine Bukindo kuona ikulu ya zamani ya watemi wa Ukerewe, mimi nililala. Jioni nilinunua machungwa, na yeyote anayeleta ubishi kuhusu machungwa ya Ukerewe aje ayale hapahapa kabla hajafungua mdomo.

Jumatatu, Rugezi

Kutoka Nansio kwenda Ukara kuna njia mbili. Ya magharibi inazunguka kisiwa kizima. Ya mashariki inapita mlango mwembamba kati ya Rugezi na Kisorya, pale ambapo kivuko huvusha magari kwenda Bunda. Tulichagua ya mashariki. Maana yake, nusu ya kwanza ya siku upepo ulikuwa usoni.

Sijui kama kuna kazi inayofundisha heshima kama kubisha kwa mtumbwi wa tanga. Huwezi kuukabili upepo moja kwa moja, kwa hiyo unakwenda mshazari kuelekea upande mmoja, kisha mwingine, na kila ukigeuka unaona kwamba kile kilima ulichokiacha saa moja iliyopita umekisogeza kwa umbali wa kurusha jiwe. Na kugeuka kwenyewe si mchezo. Tanga la namna hii limefungwa kwenye foromali ndefu inayovuka mlingoti. Babu anaugeuza mtumbwi uupe upepo mgongo, demani inalegezwa, foromali inasimamishwa wima kando ya mlingoti, na mtu anakimbia na pembe ya tanga kuzungukia mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili. Yote hayo mtumbwi ukiyumba na wote waliobaki wakihamisha uzito wao. Mara ya kwanza tulichukua muda mrefu kiasi kwamba tulirudi nyuma. Kufikia adhuhuri Babu hakuwa akisema neno, alikuwa anainua kidevu tu, na kila mtu anajua pa kwenda.

Mpangani alipata heshima yake siku hiyo. Foromali alikuwa akiihamisha kwa mikono miwili na goti, bila kutazama, huku akimwelekeza dada wa benki aweke wapi mguu. Mjukuu alikuwa akimwiga. Sikumsikia tena akitajiwa ile habari ya kina.

Mtumbwi wa tano ulipita kwa mashine, umekunja tanga, vijana wakitupungia mikono. Tulipoingia mlangoni tukiwa tumelowa, kivuko kilikuwa katikati, na abiria walitoka kwenye magari yao kutupiga picha. Mama mmoja alipaza sauti: "Nyie, hamna hela ya petroli?"

Tukipita tu, tukaupa upepo mgongo. Ule ule uliotutesa asubuhi sasa ulitubeba. Matanga yote saba yalifunguka kwa mara ya kwanza kwa pamoja, na kwa saa kadhaa hatukufanya lolote ila kula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga. Tulilala kwenye mwalo mdogo upande wa kaskazini wa Ukerewe. Wenyeji walituhamisha mahema mara moja: tulikuwa tumeyasimamisha juu ya njia ya viboko. Usiku tuliwasikia wakipita, wakikwanyua majani, wakipumua kwa nguvu, karibu kuliko nilivyopenda.

Jumanne, Bwisya

Kutoka Bugolora, upande wa Ukerewe, hadi Bwisya, upande wa Ukara, unaona unakokwenda muda wote. Ndiyo maana habari ya MV Nyerere ni ngumu kuieleza kwa mtu ambaye hajafika. Kivuko kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, hatua chache kabla ya gati, watu waliokuwa ng'ambo wakitazama. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walihesabiwa 228, waliookolewa 41, na mmoja wao alikuwa fundi wa mitambo aliyetolewa akiwa hai baada ya siku mbili ndani ya kivuko kilichofudikizwa. Baadhi ya waliozikwa pale Bwisya hawakutambuliwa. Tulikwenda makaburini wote. Babu hakuingia, alikaa nje juu ya jiwe. Mjukuu alitueleza baadaye, kwa kifupi sana, kwamba ni kwa sababu ya shangazi yake.

Mchana tulipanda vilimani. Ukara ina kilomita za mraba zipatazo 80, na hutaona kipande kilichoachwa bure. Wakara hulima shamba lilelile mwaka hadi mwaka bila kulipumzisha, na tangu enzi za ukoloni wataalamu wamekuwa wakija kuuliza inawezekanaje. Jibu lipo ndani ya nyumba. Kwenye boma moja tulionyeshwa ng'ombe wamesimama ndani ya shimo, wanakatiwa majani na kuletewa, na samadi inajaa chini yao mpaka shimo linakaribia kuwa sakafu. Kisha inachotwa kwa vikapu kupelekwa shambani. Shambani nako hupandwa marejea, si ya kuliwa, ni ya kufukiwa ili yarutubishe udongo. Hata miti ina wenyewe, mmoja mmoja. Kijana wa chuo anayesoma kilimo aliuliza maswali mengi hadi mwenyeji akamkabidhi jembe.

Lile jiwe linalocheza pia tulilitembelea. Unatoa kiingilio, wazee wanaimba, jiwe linatikisika. Dada wa benki anaapa lilisogea. Mpangani anasema aliyesogea ni dada.

Jumatano, bado Bwisya

Utabiri wa jana jioni ulisema upepo mkali na mawimbi makubwa ziwani. Leo asubuhi haukuhitaji kusomwa. Maji kati yetu na Ukerewe yalikuwa meupe, na mitumbwi ya sangara ya pale kijijini ilikuwa imevutwa juu mchangani, yote. Kwangu hiyo ilikuwa taarifa tosha: wenyewe wakishavuta mitumbwi, mgeni anabishana na nini?

Lakini tulibishana. Kuna waliokuwa na kazi Ijumaa. Kuna aliyekuwa na mtihani. Na wenye mitumbwi walikuwa na jambo zito zaidi: mwezi. Tulipoondoka Mwanza ulikuwa mkubwa na dagaa hawavuliki. Sasa unachelewa kuchomoza, giza la jioni linarudi, na kila usiku mtumbwi ukilala Bwisya na sisi ni usiku ambao ungekuwa na taa na wavu. Nahodha mmoja alisema waziwazi kwamba bei tuliyoelewana ilikuwa ya mwezi, si ya giza.

Nimewaza sana kuhusu kikao kile. Ukiwa peke yako na mtumbwi wako, ukiogopa unakaa, yameisha. Kwenye kundi mtu anaogopa halafu anatazama wenzake, anaona hawaonekani kuogopa, naye anakaza uso. Watu saba wenye hofu wanaweza kuondoka pamoja wakiwa kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme hapana. Nahodha wa mtumbwi wa tano, ambaye siku zote tulimcheka, ndiye aliyesema. Alisimama akasema mashine yake haiwezi mawimbi yale, na kama mashine haiwezi basi tanga lake ndilo kabisa, na haendi, na asiyetaka kubaki naye amwachie jina la ndugu zake. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na haraka tena.

Mratibu alifanya mambo mawili ya busara. Wenye mtihani na kazi aliwapandisha kivuko kwenda Bugolora upepo ulipotulia kidogo mchana, wachukue gari hadi Nansio na meli ya kwenda Mwanza. Na wenye mitumbwi aliwalipa nyongeza ya giza kutoka kwenye mfuko wa michango yetu. Kulikuwa na minong'ono. Binafsi naona ndiyo hela iliyotumika vizuri kuliko zote, maana nahodha anayehesabu hasara yake hatazami mawingu.

Jioni tulicheza bao na wazee wa Bwisya. Tulifungwa.

Ijumaa, nyuma ya Ukerewe

Jana tulikaa tena. Leo tumezunguka kwa magharibi, tukijificha nyuma ya kisiwa. Maji yametulia, lakini kila penye bonde upepo unachomoka kati ya vilima na kukupiga kofi. Demani mkononi siku nzima. Tumelala karibu na msitu wa Rubya. Mbu.

Jumamosi, Rubya hadi Kirumba

Babu alikataa kuondoka asubuhi. Kila mtu alikuwa ameshapakia, na yeye anakaanga dagaa. Kwenda Mwanza ni kusini, upepo wa asubuhi unatoka kusini, kwa nini agombane nao wakati mchana ziwa lenyewe litageuka limsukume? Saa 5 ulikuwa bado unapuma usoni. Karibu saa 6 ukatulia kabisa, na Babu akaanza kukunja mkeka. Upepo wa kaskazini ulipoanza, ulitukuta tumeshang'oa nanga.

Ulikuwa mrefu na mzuri. Nilishika usukani kwa muda, Babu akiwa amelala chali na kofia usoni, akisema "kushoto" kila nilipopotoka bila kufungua macho. Jua lilizama tukiwa bado nje ya ghuba. Mwezi haukuwepo. Kushoto na kulia zilianza kuwaka taa za dagaa, moja moja, kisha mstari mzima, mpaka ziwa likawa na mtaa. Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Kati ya taa na taa kuna nyavu na kamba, na maboya yake ni madumu ya mafuta ya kula ambayo gizani huyaoni mpaka umeyagonga. Mjukuu alikaa omo na tochi, akiita, na kila alichoita tulikipitisha kwenye redio kwa waliokuwa nyuma. Mtumbwi wa tano ulizima mashine wenyewe, kwa hofu ya panga la mashine kunaswa na nyavu, ukaja kwa tanga mpaka mwisho. Tuliwashangilia kwenye redio. Walijibu kwa tusi.

Tulifika Kirumba saa 2 usiku, mitumbwi saba. Babu hakushuka hata kunyoosha miguu. Alikuwa ameshapiga simu, vijana wake walimsubiri mwaloni na taa na betri, wakapakia wakati sisi tunashusha mabegi. Dada wa benki alimwachia shuka lake.

Hesabu za mfuko zinafungwa kesho jioni. Nyongeza ya giza imekula karibu akiba yote. Yale majaketi mawili tumeyapeleka dukani, mwenye duka anasema risiti haionyeshi rangi. Safari ijayo wengi wanataka upande wa magharibi, Kome na Maisome, ila mratibu ameshasema hataipanga bila siku za ziada za kusubiri upepo, na asiye na siku hizo kazini asijiandikishe. Na mtumbwi wa tano umeleta bili ya petroli. Wanasema ilikuwa dharura.